Vinyago Bila Wanunuzi: Korona na Mafundi wa Kimakonde

Soko la vinyago la Mwenge, kandokando ya Barabara ya Sam Nujoma jijini Dar es Salaam, lina mafundi wengi wa Kimakonde: wa kutoka uwanda wa Newala, na wale ambao wazee wao walivuka Mto Ruvuma wakitokea Mueda, Msumbiji. Mteja wao mkubwa ni mtalii. Mwaka 2020 mteja huyo alikatika.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Machi 16, 2020. Muda mfupi baadaye wasafiri kutoka nchi zilizoathirika walitakiwa kukaa karantini siku 14 kwa gharama zao, na Aprili ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa. Tanzania haikuwafungia watu majumbani. Misikiti, makanisa na masoko vilibaki wazi, na hapo ndipo upweke wa maeneo ya kitalii ulipokuwa wa ajabu: muuza nyanya alikuwa na wateja wake, lakini muuza vinyago hakuwa na wa kumuuliza bei. Anga ilifunguliwa Mei 18, ila wageni hawarudi kwa tangazo. Waliofika nchini mwaka 2019 walikuwa 1,527,230. Mwaka 2020 walikuwa 620,867.

Kinyago hakiozi kama nyanya, lakini nacho kina hasara zake. Mpingo ni mti mzito kiasi kwamba ukiutia majini huzama. Nje una tabaka la rangi hafifu, ndani moyo mweusi, na moyo huo ndio fundi anaoutafuta kwa tezo, kisha patasi, kisha tupa, na mwisho msasa, kutoka mkali hadi laini, mpaka weusi ung'ae. Kinyago cha ujamaa, watu waliobebana kutoka chini hadi juu ndani ya gogo moja, kinaweza kumchukua fundi wiki nyingi. Mpingo ukikauka vibaya hupasuka. Ufa ukipita usoni mwa mtu mmoja, kazi yote imeharibika. Fedha ya gogo ilishatoka mfukoni, ya kinyago haijaingia.

Kumtegemea mgeni kulianza zamani. Uchongaji wa asili ulikuwa wa kijiji chenyewe, kwa ngoma na jando. Vijana waliotoka Msumbiji kuja Tanganyika kufanya kazi katika mashamba ya mkonge walichonga pia vinyago vya kuuza, na miaka ya 1950 wafanyabiashara wa Dar es Salaam, mmojawapo Mohamed Peera, wakavinunua na kuvitafutia soko. Mchongaji Samaki Likankoa akaleta mtindo wa shetani, wa viumbe vya ajabu. George Lilanga, mzaliwa wa Masasi mwaka 1934, alichonga kabla ya kuwa mchoraji mashuhuri pale Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam, na kazi zake zikafika Ulaya, Marekani na Japani. Sifa ilikwenda nje, na mnunuzi naye akawa wa nje.

Kusini kwenyewe, walikotoka mafundi wengi, hakukuwa na hoteli nyingi za kitalii za kufunga. Newala ina Shimo la Mungu, bonde refu linaloonekana kutoka ukingoni mwa uwanda, na Masasi ina milima yake ya mawe. Vyote hivyo huonwa na wageni wachache hata mwaka ukiwa mzuri. Umati mkubwa uliofika Masasi mwaka ule ulikuja msibani, Julai 29, Rais mstaafu Benjamin Mkapa alipozikwa kijijini kwao Lupaso. Kinachoshikilia nyumba za huko ni korosho, na aliyekuwa na mikorosho yake alikuwa na pa kuegemea. Fundi wa mjini asiye na shamba hakuwa na egemeo hilo.

Mwaka 2023 watalii walifikia 1,808,205, wengi kuliko wa kabla ya korona. Hiyo ni habari njema, lakini haimtoi fundi katika hatari ile ile ya mteja wa aina moja. Sebule nyingi za Watanzania zina maua ya plastiki na hazina kipande hata kimoja cha mpingo. Msomaji anayepita Mwenge aingie ndani, aulize bei, anunue.