Vizuizi vya moyo visomwe kwa kipimo, si kwa kukariri

Mwulize mwanafunzi wa utabibu akutajie aina za kizuizi cha moyo, naye atazimimina bila kusita: daraja la kwanza, daraja la pili la aina ya kwanza na aina ya pili, daraja la tatu, kisha vizuizi vya tawi la kulia na la kushoto. Mpe sasa karatasi yenyewe iliyotoka katika mashine ya ECG, isiyoandikwa jina lolote, umwulize pana nini hapo. Aghalabu atataja jina moja huku akiutazama uso wa mwalimu wake, na akiona uso haukukunjuka, atataja jina jingine. Hii si dalili ya uzembe. Ni matokeo ya jinsi tunavyofundisha. Tunaanza na majina, na tunapoifikia karatasi kipindi kimekwisha.

Maoni yangu ni kwamba mpango huo upinduliwe. Kizuizi cha moyo ni jambo la kupimwa na kuhesabiwa, na mtu anayeweza kuhesabu miraba ya daftari la hisabati anaweza kukitambua hata kabla ya kuambiwa kinaitwaje. Historia yenyewe ya elimu hii inashuhudia hivyo.

Mnamo mwaka 1899, Karel Frederik Wenckebach, tabibu Mholanzi, alieleza aina ya kizuizi ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake. Wakati huo mashine ya ECG haikuwapo. Mholanzi mwenzake, Willem Einthoven, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1924, alikuwa hajaikamilisha galvanometa yake ya uzi. Alichokuwa nacho Wenckebach ni mchoro wa mapigo ya mshipa wa mkononi, uliochorwa na kifaa kilichotikiswa na mshipa wenyewe. Aliona kwamba mapigo hayakuwa yakipotea ovyo. Pigo moja lilikosekana baada ya idadi fulani ya mapigo, kisha utaratibu uleule ukaanza upya. Akapima, akajumlisha na kutoa, akatambua kwamba amri ya kupiga ilikuwa ikicheleweshwa njiani, kila mara zaidi kuliko mara iliyotangulia, hadi moja ikashindwa kupita kabisa. Njia hiyo inakopita amri ilikuja kuelezwa kwa ukamilifu mwaka 1906 na Sunao Tawara, Mjapani aliyekuwa akifanya utafiti Ujerumani. Naye Woldemar Mobitz alizigawa aina mbili za daraja la pili mwaka 1924. Kipimo kilitangulia, majina yakafuata. Sisi darasani tumegeuza mambo.

Tuutazame moyo wenyewe. Una vyumba viwili vya juu na viwili vya chini. Amri ya kupiga huzaliwa katika kifundo kidogo kilichoko sehemu ya juu ya chumba cha juu cha kulia, ikaenea katika vyumba vyote viwili vya juu. Karatasi huonyesha tendo hilo kwa kilima kidogo cha mviringo, wimbi P. Baina ya vyumba vya juu na vya chini pana utando usiopitisha umeme, isipokuwa mahali pamoja tu, penye kifundo cha AV. Msomaji aliyewahi kungoja feri pale Likoni hahitaji maelezo marefu: msafara unafika ukingoni, unasimama kidogo, kisha unavuka. Tofauti ni kwamba katika moyo kule kungoja kuna faida, kwa maana vyumba vya juu hupata wasaa wa kumaliza kumimina damu katika vyumba vya chini. Baada ya kuvuka, amri hushuka kwa kasi kupitia kicha cha nyuzi kiitwacho kicha cha His, kinachogawanyika kuwa tawi la kulia na la kushoto, na vyumba vya chini hupiga. Hapo ndipo tunapoona ile michongoma mirefu ya QRS.

Umbali kutoka mwanzo wa P hadi mwanzo wa QRS huitwa PR. Karatasi ikienda kwa mwendo wa kawaida wa milimita 25 kwa sekunde, kila mraba mdogo ni sekunde 0.04. PR ya mtu mzima asiye na hitilafu huwa miraba midogo 3 hadi 5. QRS yake haifiki miraba 3 kwa upana. Hizi ndizo tarakimu pekee ambazo ningemtaka mwanafunzi azikariri siku ya kwanza.

Kisha ningempa maswali, wala si majina. Mawimbi P yako wapi, na je, yanafuatana kwa hatua sawa? Kila P ina QRS yake? PR ni ileile katika kila pigo au inabadilika? QRS ni nyembamba au pana? Hahitaji chombo cha fedha nyingi. Ukingo wa karatasi na penseli vyatosha: tia alama penye P mbili, sogeza karatasi, utazame kama alama zinaangukia P zinazofuata. Mara nyingi P inayotafutwa huwa imejificha ndani ya wimbi T, na ni alama za penseli zitakazoifichua.

Daraja la kwanza ni jepesi kutambua. Kila P ina QRS yake, ila PR imezidi miraba 5. Hakuna aliyezuiwa, wote wamechelewa. Kwa kuwa wenye hali hii wengi hawaugui, wanafunzi hulipita wakiharakia yaliyo makubwa. Lakini katika nchi zetu, ambako homa ya baridi yabisi bado inaharibu vali za mioyo ya watoto, PR iliyorefuka kwa mtoto mwenye homa na viungo vinavyouma ni mojawapo ya vigezo vidogo vya kutambulia maradhi hayo. Vigezo hivyo vilitungwa na T. Duckett Jones mwaka 1944 na vingali vinatumika, ingawa vimerekebishwa mara kadhaa. Mwalimu anayepita hapo kwa sentensi moja anamnyima mwanafunzi wake kitu atakachokihitaji katika zahanati kuliko mengi ya yale yanayofuata.

Daraja la pili ndilo linalowatoa watu jasho, na hapa yafaa tukae kitako. Tuchukue mfano. Mawimbi P yanafuatana kila baada ya miraba midogo 20. Pigo la kwanza lina PR ya miraba 4, la pili 7, la tatu 8. P ya nne inafika kwa wakati wake lakini QRS haiifuati. P ya tano inapita, na PR imerudi kuwa 4. Sasa pima kutoka QRS hadi QRS. Kutoka ya kwanza hadi ya pili ni miraba 23, kwa kuwa pigo la pili limecheleweshwa kwa miraba 3 zaidi. Kutoka ya pili hadi ya tatu ni 21, kwa kuwa nyongeza sasa ni mraba 1 tu. Kisha unakuja mwanya wa miraba 36. Jumlisha 23, 21 na 36, utapata 80, ambayo ni 20 mara nne. Hesabu imetimia.

Zingatia jambo ambalo vitabu vingi hulitaja kwa haraka. PR inarefuka, lakini mapigo ya mkononi yanakaribiana kabla ya kukatika, kutoka 23 hadi 21. Mwanafunzi aliyekariri kwamba "PR hurefuka" hutarajia mapigo yaachane, na asipoona hivyo hubabaika. Aliyeifanya hesabu kwa mkono wake habahatishi, maana anajua kwamba kinachopungua ni nyongeza. Tena mwanya wa 36 haufikii maradufu ya 21. Si kila karatasi itakayokuwa safi kama mfano huu, lakini hii ndiyo sura ya Wenckebach, na ndiyo aliyoisoma yeye bila ya kuona wimbi P hata moja.

Aina ya pili ni tofauti kabisa. P kila baada ya miraba 20. PR ni 5, 5, 5, kisha P moja haina QRS, kisha 5 tena. Hakuna onyo. Mwanya ni 40 kamili. Kwa kawaida kasoro hapa haipo katika kifundo cha AV bali chini yake, katika kicha cha His au matawi yake, ndiyo maana QRS mara nyingi huwa pana. Na hii ndiyo sababu ya kutumia muda wote huu kuhesabu miraba: mgonjwa wa aina ya kwanza mara nyingi huhitaji kuangaliwa tu, ilhali wa aina ya pili anaweza kufungwa njia yote kwa ghafla, akaanguka sokoni au jikoni, na kwa kawaida huhitaji kuwekewa kifaa cha kuongoza mapigo.

Kuanguka huko kuna historia ndefu. Robert Adams alikueleza mwaka 1827 na William Stokes mwaka 1846, wote wa Dublin, nako bado kunaitwa kwa majina yao. Mgonjwa huzirai, pengine hutetemeka, kisha huzinduka akiwa uso umemwiva. Ni rahisi kumdhania ana kifafa, na akipewa dawa za kifafa moyo wake utabaki vilevile. Arne Larsson wa Uswidi alikuwa akizirai mara nyingi kwa siku moja. Mnamo Oktoba 8, 1958, alipokuwa na umri wa miaka 43, daktari Åke Senning alimtia mwilini kifaa kilichobuniwa na mhandisi Rune Elmqvist, cha kwanza duniani kuzikwa ndani ya mwili wa mtu. Kilikoma baada ya saa chache, kikawekwa kingine. Larsson alibadilishiwa vifaa zaidi ya 20 maishani mwake, akafa mwaka 2001 akiwa na miaka 86, baada ya daktari na mhandisi wote wawili kumtangulia kaburini.

Kwa upande mwingine, kutia hofu pasipo na hofu ni kosa vilevile. Kenya ni nchi ya wakimbiaji. Mwanariadha wa mbio ndefu, moyo wake ukiwa umetulia, huweza kuonyesha daraja la kwanza au Wenckebach kwa sababu ya mazoezi tu, bila ya ugonjwa wowote. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2017 kuhusu kusoma ECG za wanariadha unazihesabu hali hizo mbili kuwa za kawaida kwao. Aina ya pili na daraja la tatu hauzihesabu hivyo. Muuguzi asiyeweza kutofautisha anaweza kumkatiza kijana riziki yake, au akamrudisha uwanjani yule aliyestahili kwenda hospitalini.

Upo pia mtego mmoja ambao walimu huutega bila kukusudia. Ikiwa kila P ya pili haina QRS, haiwezekani kujua kwa kipande hicho peke yake kama ni aina ya kwanza au ya pili, maana hakuna PR mbili zinazofuatana za kulinganishwa. Nimeona maswali ya mtihani yakimlazimisha mwanafunzi achague. Jibu la haki ni kuomba karatasi ndefu zaidi, kutazama upana wa QRS, na kuulizia dawa anazokunywa mgonjwa, kwa kuwa digoksini na propranololi ni miongoni mwa zile zinazopunguza mwendo katika kifundo cha AV. Mwanafunzi anayejibu "karatasi hii haitoshi" astahili alama zote.

Wapo watakaosema kwamba mashine za siku hizi huchapa jibu juu ya karatasi. Ni kweli, na mara nyingi hupatia. Lakini mashine ikiikosa P iliyojificha ndani ya T, haitajua kwamba imeikosa. Wengine watasema Kiswahili hakina maneno ya somo hili. Msomaji amefika hapa. Na ahukumu mwenyewe. Mtihani utabaki kuwa wa Kiingereza, sina ugomvi na hilo, lakini kupima, kulinganisha na kuuliza sababu ni kazi ambazo mwanafunzi huzifanya vyema zaidi kwa lugha anayofikiria kwayo.

Nawaachia walimu zoezi la daraja la tatu, walipeleke darasani bila ya jina. P zinakuja kila baada ya miraba midogo 18, yaani takriban 83 kwa dakika. PR, ikipimwa kutoka kwa P iliyo karibu zaidi kabla ya kila QRS, ni miraba 7, kisha 15, kisha 5, kisha 13. Atakayekimbilia majina ataona 7 ikiwa 15, 5 ikiwa 13, akasema PR inarefuka, basi ni Wenckebach. Mwambieni apime kutoka QRS hadi QRS. Atapata 44, 44 na 44, yaani mapigo 34 kwa dakika, hayaongezeki wala hayapungui. Vyumba vya juu vina mwendo wake na vya chini vina wake, wala hakuna hata P moja iliyovuka.