Utumbo Mpana Hausuguliwi

"Daktari, dawa gani nzuri ya kusafisha utumbo?" Hapa Kaloleni naulizwa hivyo na mama lishe, na bodaboda, hadi na mwalimu wa baiolojia, ambaye ndiye hasa aliyenichosha. Jibu: hakuna. Ukuta wa ndani wa utumbo mpana huota upya kila baada ya siku chache, na ute uliotanda juu yake hauachi kinyesi kigande. Anayepitisha kamera humo haoni masizi wala lami. Anaona ukuta wa waridi unaong'aa, na vimishipa vya damu kama mizizi ya nyasi.

Halafu naonyeshwa picha kwenye simu: kitu cheusi, kirefu, kimetoka baada ya kunywa unga wa pakiti. Soma pakiti basi! Mara nyingi mna udongo wa mfinyanzi au maganda ya mbegu yanayovimba yakipata maji. Kamba hiyo umeinunua mwenyewe.

Wala tusiwasingizie mababu kwamba wazo hili ni lao. Mwanzoni mwa karne ya 20 daktari mpasuaji wa London, William Arbuthnot Lane, aliamini kinyesi kikikawia kinatia mwili sumu, akawa anawakata watu utumbo mpana mzima. Nadharia ilikufa, biashara haikufa. Nasi tuliopanga foleni Samunge, Loliondo, mwaka 2011 kwa kikombe cha dawa cha shilingi 500, tusiwacheke Waingereza.

Kinachoniudhi zaidi ni wanavyotendewa wanaoharisha damu. Kuna ugonjwa, kwa Kiingereza ulcerative colitis, ambao kinga ya mwili huushambulia utumbo mpana, vidonda vikianzia kwenye puru na kupanda juu. Mgonjwa huambiwa ana amiba, hupewa metronidazoli, hupewa tena, kisha jirani anampiga enema ya mitishamba. Ukuta uliokwisha kuchubuka unaweza kutoboka, na hapo ni upasuaji wa dharura.

Damu ikipita wiki mbili, pima choo na wingi wa damu, omba rufaa hospitali ya Mount Meru au KCMC Moshi kwa kamera na kukatwa kinyama cha kupimwa. Kifua kikuu cha utumbo kitafutwe kwanza: hufanana na ugonjwa wa Crohn, ndugu wa huo wa kinga, na prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga, hukichochea. Dawa za ugonjwa huo wa kinga zipo: sulfasalazini, na ikishindwa azathioprini. Usiziache kwa kuwa umepata nafuu. Ukitimiza miaka 8 na ugonjwa, rudia kamera kutafuta saratani. Na diklofenaki ya mgongo usiimeze kimyakimya. Huweza kuuamsha ugonjwa uliotulia.