Barua ya Skuli Isiishie Mkobani

Na Mwandishi Wetu

MTOTO anaporudi kutoka skuli, wengi wetu humwuliza maswali mawili: umekula, na leo mmesoma nini? Swali la tatu husahauliwa, nalo lina uzito wake: mwalimu amekupa nini utuletee? Aghalabu jibu la swali hilo limo ndani ya mkoba, limekunjwa mara nne, limelowa jasho, nalo limepitwa na tarehe yake. Ilikuwa ni karatasi ya kumwita mzazi mkutanoni, au ya kumwarifu kwamba keshokutwa watoto watapewa dawa, au ya kumwomba amtume mtoto na jembe siku ya kulima bustani. Mkutano umepita, dawa imegawiwa, bustani imelimwa na watoto wa wenzetu.

Ndugu msomaji, usiharakishe kumlaumu mtoto. Yeye ni mwanafunzi, hakuajiriwa kuwa tarishi. Tujiulize kwanza sisi watu wazima, walimu na wazazi, tumeweka njia gani ya kulifikisha neno la skuli nyumbani na kulirudisha la nyumbani skuli.

Chukua mfano wa Kidichi, katika Wilaya ya Magharibi "A", Unguja. Wageni wanaijua Kidichi kwa hamamu alilolijenga Sayyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, na kwa mashamba ya viungo: karafuu, mdalasini, iliki, pilipili manga, kungumanga na vanila. Lakini wenyeji wanaijua pia kwa safari ya alfajiri. Baba hupanda daladala kabla jua halijachomoza kwenda kufanya kazi Mjini. Mama huelekea shamba, sokoni au hotelini. Na mtoto hubaki mikononi mwa bibi, shangazi au dada aliyemtangulia kwa miaka mitatu tu. Jioni baba anaporudi, mlango wa skuli umekwisha fungwa. Yeye na mwalimu wa mwanawe wanaweza kumaliza mwaka mzima bila ya kuonana.

Kwa familia ya namna hiyo, barua moja ya kila mwezi kutoka skuli si anasa hata kidogo. Ndiyo mlango wa pekee anaoweza kuingilia mzazi aliye kazini.

Neno lisilofika huzaa uvumi

Hasara ya kutopashana habari tumekwisha kuiona katika nchi yetu. Mwaka 2008, katika Mkoa wa Morogoro, watoto wa shule walikuwa wakigawiwa dawa ya kichocho na ya minyoo. Dawa ilikuwa njema na nia ilikuwa njema. Lakini wazazi wengi hawakuwa wameelezwa vya kutosha ni dawa gani, ya nini, na mtoto atajisikiaje akishaimeza. Uvumi ukaenea kwamba watoto wanadhuriwa. Zikazuka vurugu katika shule, na Wizara ya Afya ikalazimika kuusimamisha ugawaji huo. Watoto waliokusudiwa kutibiwa wakabaki na ugonjwa wao.

Tusiwacheke wazazi wale. Mzazi anayesikia barabarani kwamba mwanawe amemezeshwa vidonge naye hakuambiwa lolote, ana haki ya kushtuka. Mahali pa maelezo pakiachwa patupu, uvumi hupajaza.

Jambo hili linatuhusu sisi wa Unguja na Pemba, kwani visiwani kwetu nako dawa ya kichocho imekuwa ikigawiwa maskulini kwa miaka mingi. Basi yafaa kila mzazi ayajue mambo machache ambayo karatasi moja ingetosha kuyaeleza. Idadi ya vidonge hukadiriwa kwa urefu wa mtoto, ndiyo maana husimamishwa penye kipimo kabla ya kupewa. Mtoto ale kwanza, kwani dawa hii ikimezwa na tumbo tupu huweza kumchafua roho zaidi. Baadhi ya watoto huumwa na tumbo, huona kichefuchefu au kizunguzungu, na kwa kawaida hali hiyo hupita katika muda mfupi. Mwenye maradhi mengine, mzazi wake amweleze mwalimu mapema. Na baada ya dawa, mtoto akirudi kuoga na kucheza katika mto au bwawa lenye konokono waenezao kichocho, ugonjwa utarudi vile vile.

Tazama, msomaji: maelezo yote hayo hayakujaza hata nusu ya ukurasa. Lakini yakifika nyumbani siku tatu kabla ya dawa, bibi atapika uji asubuhi na mtoto atakwenda skuli ameshiba. Yakifika siku tatu baadaye, hayana faida kwa mtu.

Jambo hili si geni kwetu

Wapo watakaosema kwamba barua za skuli ni mambo ya Ulaya. Sivyo. Hapa hapa Unguja, mwaka 1888, katika skuli ya misheni ya Kiungani, lilianza kuchapishwa gazeti la Kiswahili lililoitwa *Msimulizi*, likichukua habari za skuli na za vituo vya misheni. Mwaka 1927 likatokea jarida la Idara ya Elimu ya Zanzibar, *Mazungumzo ya Walimu*. Kwa hiyo skuli zetu zimekuwa na kalamu na wino kwa zaidi ya karne moja. Kasoro ya siku zile ni kwamba walimu na wasomi walizungumza wao kwa wao, na mzazi wa shamba alikuwa nje ya mazungumzo.

Leo hana sababu ya kuwa nje. Tarehe 23 Septemba 1964, miezi minane baada ya Mapinduzi, Serikali chini ya Mzee Abeid Amani Karume ilitangaza elimu bila malipo, na kila mwaka Zanzibar huiadhimisha siku hiyo. Mwaka 2015 ikaondoa na michango ya wazazi katika skuli za msingi. Lakini katika hili limo kosa moja ambalo limeingia majumbani kimya kimya: mzazi aliyekuwa akifika skuli kulipa mchango, sasa hafiki kabisa. Ada imeondolewa, wajibu haukuondolewa. Serikali hujenga darasa na kumlipa mwalimu, lakini haiwezi kumlaza mtoto mapema wala kumkagua daftari.

Barua njema huandikwaje?

Barua ya skuli haihitaji ufundi mkubwa. Iwe ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili kinachoeleweka hata ikisomwa kwa sauti. Itaje siku, saa, mahali na kitu kinachotakiwa. "Wazazi wote mnaombwa kuhudhuria kikao muhimu" ni maneno matupu. "Jumamosi saa nne asubuhi, darasa la tatu, tutazungumzia kusoma na kuandika, na kikao kitakwisha saa sita" ni habari. Mfanyakazi anayejua kikao kitakwisha lini ataweza kuomba ruhusa kwa msimamizi wake.

Siku hizi skuli nyingi hutumia makundi ya simu. Ni jambo la kheri, lakini lina mapungufu yake. Bibi anayemlea mtoto mara nyingi hana simu ya aina hiyo; baba anayo, lakini yuko kazini, na tangazo la mwalimu limezama chini ya salamu mia na picha za harusi. Simu isaidie karatasi, isiiondoe. Nakala moja ibandikwe dukani, moja kwa sheha, na moja isomwe msikitini baada ya sala ya Ijumaa. Asiyejua kusoma asomewe, wala asione haya. Na asomewe na mtoto mwenyewe, kwani mtoto anayemsomea bibi yake barua ya skuli amekwisha fanya zoezi la kusoma la siku ile.

Makumbusho ya mwaka

Huku tukizingoja barua hizo, ndugu mzazi, yafuatayo ni ya kukumbuka kila mwaka ufikapo.

*Januari* ndipo mwaka wa masomo unapoanza. Sare, viatu na madaftari visingojee wiki ya mwisho. Kwa mtoto anayeanza, cheti cha kuzaliwa kitafutwe mapema. Mpeleke mwenyewe siku ya kwanza, na umwambie mwalimu jina la mtu wa kuitwa iwapo mtoto ataugua.

*Ramadhani* hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa miladia, kwa hiyo kalenda ya skuli ya mwaka jana si ya kutegemewa mwaka huu. Uliza mapema saa za masomo na siku za kufunga skuli. Mtoto aliyeamka kula daku apate usingizi wa kumtosha kabla yake.

*Machi hadi Mei* ni masika. Njia za Kidichi hupita mashambani, na mvua ikinyesha mabonde hujaa maji. Mtoto mdogo asivuke peke yake. Huu ndio wakati wa maradhi ya tumbo. Zanzibar imeijua kipindupindu tangu karne ya kumi na tisa. Maji ya kunywa yachemshwe na yatiwe katika chupa safi, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kutoka chooni. Mtoto anayeharisha abaki nyumbani na apelekwe kituo cha afya. Kumpeleka skuli ili asikose somo ni kuwaambukiza wenzake.

*Juni hadi Septemba* ni miezi ya kipupwe na ya watalii wengi. Hapa Kidichi wana mtihani ambao skuli nyingine hawana. Magari ya wageni huingia mashambani asubuhi, saa zile zile za masomo. Mtoto anayejua kusuka kofia ya majani ya mnazi, au kuchuma iliki na kumwonyesha mgeni, huweza kurudi na noti mfukoni. Noti ile hufurahisha nyumba nzima kwa siku moja. Lakini mtoto aliyekwisha kuonja fedha ya barabarani huona darasa ni kifungo, na mwalimu anapoligundua pengo lake, miezi miwili imekwisha pita. Kusuka ni ufundi mzuri na ni fahari yetu. Afundishwe Jumamosi na siku za likizo. Saa za masomo ni za masomo.

Na *msimu wa karafuu* ukifika, mambo ni hayo hayo. Kuokota na kuchambua karafuu na wazee jioni, huku hadithi zikitolewa, ni malezi. Kumpandisha mtoto juu ya mkarafuu, mti ambao matawi yake hukatika ghafla, ni kumweka hatarini. Na Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2011, inamlinda mtoto na kazi zinazomdhuru.

*Oktoba hadi Desemba* ni vuli na mitihani. Wazazi wengi huanza kuuliza juu ya masomo wakati huu, ilhali mtihani hupima kilichopandwa tangu Januari. Hata hivyo bado yapo ya kufanya: taa iwepo, redio na televisheni zipunguzwe sauti, na msichana asipewe kazi zote za jikoni ilhali kaka yake anajisomea. Wote wawili wataingia katika chumba kimoja cha mtihani.

Barua ina pande mbili

Jambo la mwisho, na huenda ndilo kubwa zaidi. Barua ya skuli isiwe ya kuamrisha tu, wala mzazi asiitwe pale tu mwanawe anapokosa. Mzazi anayeitwa kwa mabaya tu atajifunza kukwepa, na mtoto atajifunza kuficha karatasi mkobani. Mwalimu aandike pia kwamba darasa la pili sasa wanasoma vizuri, kwamba bustani imetoa mchicha, kwamba mtoto aliyekuwa mtoro amerudi. Chini ya ukurasa iachwe nafasi ya mzazi kujibu: mwanangu haoni vizuri ubaoni, mwanangu anaogopa njia ya bondeni, mama yake amesafiri, naye hali vizuri. Mwalimu mwenye watoto hamsini mbele yake hawezi kuyajua hayo kama hakuambiwa. Mtoto asiyeona ubao huitwa mjinga mpaka siku mtu atakapoandika mstari mmoja.

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mlezi wa mtoto wa leo si mmoja: yupo mama, yupo bibi, yupo mwalimu wa skuli na yupo mwalimu wa chuoni. Walezi wanne wasiosemezana humvuta mtoto pande nne.

Basi leo Jumapili, kabla wiki haijaanza, mwite mwanao, mfungueni mkoba pamoja, na mtoe kila karatasi iliyomo. Ziliyopitwa na tarehe ziwekeni kando. Iliyo hai isomeni, itieni saini, na kesho irudi kwa mwalimu.