Kwa nini shahada haifungui tena mlango wa ajira Eastlands

KILA msimu wa mahafali unapowadia, wapigapicha wa Buruburu, Umoja na Kayole huwa na shughuli nyingi. Vijana waliovalia majoho hurejea nyumbani wakisindikizwa na jamaa zao, nyama huchomwa, na picha kubwa hutundikwa ukutani sebuleni. Mwaka mmoja baadaye, picha ingali ukutani na aliyepigwa picha hiyo angali nyumbani.

Swali ambalo wazazi wengi wa mitaa ya mashariki mwa jiji la Nairobi hujiuliza ni rahisi kulitamka, lakini ni gumu kulijibu. Mtoto amefanya yote aliyoagizwa afanye. Mbona basi hapati kazi?

Jibu linalosikika mara kwa mara ni kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu na hubagua kazi. Hata hivyo, historia ya mitaa hiyo pamoja na takwimu za serikali zinaonyesha kuwa kiini cha tatizo hakiko kwa kijana. Kiko katika aina ya kazi ambazo uchumi wa Kenya umekuwa ukizalisha kwa zaidi ya miaka 30.

Mitaa ya wafanyakazi

Eastlands ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi. Muthurwa na Makongeni ilikuwa mitaa ya watumishi wa reli. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940, kisha zikafuata Bahati, Ofafa, Maringo na Jericho. Ng'ambo ya Barabara ya Jogoo na njia ya reli kulikuwa na Eneo la Viwanda, na mfanyakazi aliweza kwenda kazini na kurudi kwa miguu.

Baada ya uhuru mwaka wa 1963, nafasi zilizokuwa zikishikiliwa na wageni katika utumishi wa umma na katika kampuni zilihitaji kujazwa upesi na Waafrika. Aliyemaliza kidato cha nne alipata ukarani bila kuhangaika. Aliyehitimu chuo kikuu alingojewa na waajiri kadhaa kabla hata hajavua joho.

Buruburu, mtaa ulioanza kujengwa katika miaka ya 1970, ni ushahidi wa enzi hiyo. Walimu, makarani na maafisa wa serikali walinunua nyumba humo kwa mkopo wa miaka mingi kwa sababu walikuwa na hakika kwamba mshahara ungeingia kila mwisho wa mwezi.

Hapo ndipo ilipojengeka imani kwamba cheti ni ufunguo wa maisha. Wazazi wakauza mashamba mashambani, wakaingia katika vyama vya kuchangiana, wakajinyima ili mtoto asome.

Dalili za tatizo zilionekana mapema. Mwaka wa 1972, Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilichapisha ripoti kuhusu ajira nchini Kenya, ambayo ilisaidia kueneza kote duniani dhana ya sekta isiyo rasmi, ambayo Wakenya huiita jua kali. Miaka minne baadaye, msomi Mwingereza Ronald Dore aliitaja Kenya miongoni mwa nchi zilizougua maradhi aliyoyaita ya vyeti. Hoja yake ilikuwa kwamba kadiri waliosoma wanavyozidi kazi zilizopo, ndivyo waajiri wanavyodai vyeti vikubwa zaidi kwa kazi zile zile.

Milango iliyofungwa

Katika miaka ya 1990, milango iliyokuwa ikiwapokea waliosoma ilianza kufungwa mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza ulikuwa utumishi wa umma. Chini ya masharti ya Benki ya Dunia na Shirika la Fedha Duniani (IMF), serikali ilianza kupunguza wafanyakazi wake, na mashirika mengi ya umma yakauzwa au kukodishwa. Shirika la reli, mlezi wa mitaa kadhaa ya Eastlands, lilikabidhi huduma zake kwa kampuni ya kibinafsi mwaka wa 2006, na maelfu ya wafanyakazi wakapoteza kazi.

Mlango wa pili ulikuwa ualimu. Hadi miaka ya 1990, aliyehitimu chuo cha ualimu alijua kwamba angepangiwa shule moja kwa moja. Utaratibu huo ulikoma mwaka wa 1998, na tangu hapo walimu huajiriwa tu nafasi zinapotangazwa. Wapo waliongoja kwa zaidi ya miaka 10.

Mlango wa tatu ulikuwa viwanda. Soko lilipofunguliwa kwa bidhaa kutoka nje, viwanda vingi vilishindwa kustahimili ushindani na gharama za humu nchini. Mwaka wa 2014, kampuni ya Cadbury ilifunga kiwanda chake cha Nairobi. Mwaka wa 2016, kampuni ya Sameer Africa nayo ikaacha kutengeneza magurudumu ya magari jijini na kuanza kuyaagiza kutoka ng'ambo.

Serikali ilikuwa imeahidi mwaka wa 2017 kwamba mchango wa viwanda katika pato la taifa ungefikia asilimia 15 kufikia 2022. Mwaka wa 2024 mchango huo ulikuwa asilimia 7 hivi.

Wahitimu wengi, nafasi chache

Milango hiyo ilipokuwa ikifungwa, ile ya vyuo vikuu ilikuwa ikifunguliwa wazi. Mwaka wa 1985, Kenya ilikuwa na vyuo vikuu vitatu vya umma, ambavyo ni Nairobi, Moi na Kenyatta. Leo vimezidi 30, bila kuhesabu vile vya kibinafsi. Kuanzia 1998, Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kuwapokea wanafunzi wanaojilipia karo, na vingine vikafuata mkondo huo. Elimu ya msingi bila malipo iliyoanzishwa mwaka wa 2003 nayo ikaongeza idadi ya watoto wanaofika hadi kidato cha nne.

Katika mtihani wa KCSE wa 2024, zaidi ya watahiniwa 246,000 walipata alama ya C+ au zaidi, ambayo ndiyo tiketi ya kujiunga na chuo kikuu. Mwaka huo huo, kwa mujibu wa Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS), uchumi ulizalisha takriban nafasi 780,000 mpya za kazi nje ya kilimo kidogo kidogo. Idadi hiyo inapendeza, mpaka mtu aichambue. Zaidi ya nafasi 700,000 kati yake zilikuwa za jua kali. Katika sekta rasmi, yenye barua za ajira na malipo ya uzeeni, hazikufika 80,000.

Kwa maneno mengine, kwa kila nafasi mpya katika sekta rasmi kulikuwa na watahiniwa watatu waliofuzu kuingia chuo kikuu mwaka huo mmoja. Hesabu hiyo haiwajumuishi wanaosomea stashahada katika vyuo vya kiufundi, wala waliohitimu miaka ya nyuma ambao wangali wanakanyaga lami. Hata kama kila kijana angekuwa mchapakazi asiye na mfano, wengi wangebaki nje.

Tajriba anayodaiwa asiye na kazi

Tatizo la idadi limeongezewa uzito na tatizo la mafunzo. Vyuo vilipopanuka haraka, kozi zilizoongezeka zaidi ni zile zisizohitaji maabara wala karakana, kama vile biashara na sayansi za jamii. Wakati huo huo, taasisi zilizokuwa zikitoa mafundi mitambo na mafundi sanifu zilipandishwa hadhi. Kenya Polytechnic, iliyokuwa maarufu kwa mafunzo ya kiufundi jijini, iligeuzwa kuwa chuo kikuu mwaka wa 2013.

Mwajiri naye, akiwa na mamia ya maombi mezani, hutafuta njia rahisi ya kuyapunguza. Hudai tajriba ya miaka mitatu au mitano. Kijana hawezi kupata tajriba bila kazi, wala kazi bila tajriba.

Nafasi za utarajali zilikusudiwa kuukata mduara huo. Hata hivyo, baadhi ya waajiri wamezigeuza kuwa njia ya kupata wataalamu kwa bei ya chini. Mnamo Aprili 2024, Mahakama ya Ajira iliamua kwamba kuwaajiri walimu waliokwisha kuhitimu na kusajiliwa kama watarajali kulikiuka sheria. Mwaka huo huo, madaktari waligoma kwa karibu miezi miwili, na mojawapo ya malalamiko yao lilikuwa malipo ya madaktari watarajali, ambayo serikali ilitaka kuyapunguza hadi Sh70,000 kwa mwezi.

Gharama ya kutafuta

Jambo lisilozungumzwa sana ni kwamba kutafuta kazi ni ghali. Anayeomba kazi ya umma huhitajika kupata vyeti vya kuthibitisha uadilifu wake, kwa mujibu wa Sura ya Sita ya Katiba ya 2010. Vyeti hivyo hutolewa na polisi, mamlaka ya ushuru, tume ya kupambana na ufisadi, bodi ya mikopo ya elimu ya juu (HELB) na kampuni zinazohifadhi rekodi za wakopaji. Cheti cha tabia njema pekee hugharimu Sh1,050. Aliyesoma kwa mkopo wa HELB hudaiwa aanze kulipa ilhali hajapata hata shilingi ya kwanza.

Zaidi ya hayo, ofisi nyingi zimehamia Upper Hill na Westlands. Kwa kijana wa Dandora au Kayole, hizo ni matatu mbili kwenda na mbili kurudi, na nauli hutoka kwa mama anayeuza mboga. Mahojiano matatu kwa wiki yaweza kumaliza akiba ya familia.

Kisha kuna kujuana. Mwaka wa 2024, Tume ya Huduma za Umma (PSC) ilitangaza kwamba uchunguzi ulifichua zaidi ya watumishi wa umma 2,000 waliokuwa na vyeti ghushi. Kwa aliyekesha miaka minne akisoma, habari hiyo ni msumari moto juu ya kidonda. Kumbe nafasi ilikuwepo, ila ilikaliwa na asiyestahili.

Kujiajiri nako kuna mipaka

Serikali mbalimbali zimewahimiza vijana wajiajiri. Hazina ya vijana ilianzishwa mwaka wa 2006, mpango wa Kazi kwa Vijana ukazinduliwa 2009, na Kazi Mtaani mwaka wa 2020. Miwili ya mwisho ilikuwa ya vibarua vya muda, kama vile kufyeka nyasi na kuzibua mitaro. Mfuko wa mwezi ulijaa, lakini si ngazi ya kupandia.

Eastlands haikosi ari ya biashara. Gikomba, Kamukunji na karakana za Kariobangi zimelisha familia nyingi. Lakini mwenye kibanda Gikomba huishi akihofia moto, ambao umeteketeza soko hilo mara kwa mara. Bodaboda, uwakala wa M-Pesa na mitumba vimejaa washindani wanaowagombania wateja wale wale wenye mifuko mitupu. Kazi za mtandaoni nazo zina pande mbili. Mwaka wa 2023 ilibainika kwamba vijana jijini waliokuwa wakichambua maandishi ya kufunza programu za akili bandia walilipwa chini ya dola 2 kwa saa.

Vijana walipojaa barabarani Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha, wengi wao walikuwa na vyeti vya chuo. Rais William Ruto alikataa kuutia saini mswada huo. Lakini kilichowatoa nyumbani hakikuwa kodi pekee.

Hii haimaanishi kwamba elimu haina faida, wala kwamba kijana aketi akingojea serikali. Inamaanisha kuwa kumwongezea cheti juu ya cheti hakutamsaidia iwapo viwanda havirejei, iwapo utarajali haulipwi ipasavyo, na iwapo nafasi chache zilizopo zinagawanywa gizani.

Wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Vijana wa Eastlands wamegaagaa vya kutosha. Wanachohitaji sasa ni upwa wenye samaki.