Uma wa Poni: Kutafsiri Kwato na Viungo vya Farasi Wazee

Mwaka jana mama mdogo wangu, anayefanya kazi Ubelgiji katika makazi ya farasi wazee, alinitumia ukurasa mmoja wa Kifaransa. Walikuwa wamepokea wafanyakazi wawili wapya, mmoja wa Uvira na mwingine wa Buyenzi kule Bujumbura, na wote wawili Kiswahili chao kilikuwa kizuri kuliko Kifaransa chao. "Mwanangu," akasema, "wewe unasoma lugha. Utupatie hii kwa Kiswahili." Niliimaliza kwa jioni moja. Sentensi ya nne ilidai kwamba "fourchette" isafishwe kila siku. Nikaandika: "Safisha uma kila siku." Kwa siku kumi na mbili uma wa kuchotea nyasi uling'aa kuliko sahani za jikoni, na poni mmoja wa miaka 26, ambaye wote wanamwita Mzee, akawa anaoza ukwato wa mguu wa nyuma.

Kosa lilikuwa langu, wala si la kamusi. Kamusi ilinipa neno; mimi sikuuliza neno hilo linakaa wapi katika mwili wa mnyama. Nimeandika haya kwa wenzangu wa fakulte kwa sababu tangu siku ile nimelazimika kuuelewa mguu wa poni kabla ya kuandika sentensi yoyote juu yake.

Poni ni farasi mfupi, asiyezidi sentimita 148 akipimwa mpaka juu ya mabega. Wale wa Shetland ni wafupi zaidi, hawapiti sentimita 107. Wanaishi muda mrefu: kufika miaka 25 au 30 si ajabu. Ukwato wake ni ganda gumu linaloota kama kucha zetu, milimita 6 hadi 10 kwa mwezi, kutoka juu penye manyoya kwenda chini. Kwa hiyo hukatwa na kusawazishwa kila baada ya wiki 6 hadi 8, hata kwa mzee asiyetembea sana. Kwa kweli hasa kwake, maana hausugui chini vya kutosha. Ukiinua mguu na kutazama chini yake, utaona wayo, na katikati kipande kama mpira chenye umbo la V, ncha yake ikielekea mbele. Hicho ndicho "fourchette". Nimekiita kabari, kwa sababu ya umbo lake na kwa sababu kila anayepasua kuni anajua kabari. Pembeni mwake kuna mifereji miwili ambamo kinyesi na tope hujaa. Kisipotolewa, kabari huoza, hutoa uchafu mweusi, na harufu yake, anasema mama mdogo, huwezi kuisahau. Dawa ya kwanza ni kuondoa uchafu kila siku na kumsimamisha mnyama pakavu.

Kuoza kwa kabari hata hivyo ni jambo dogo likilinganishwa na kile Kifaransa kinachokiita "fourbure". Mfupa wa mwisho wa mguu umo ndani ya ukwato, na umeshikwa hapo kwa makunjo membamba ya nyama yaliyoingiliana na makunjo ya ganda, kama vitabu viwili ambavyo kurasa zake zimepachikana. Makunjo hayo yakivimba na kuharibika, mfupa huanza kuachana na ganda. Uzito wa mnyama huusukuma chini, na msuli wa nyuma huuvuta, mpaka ncha yake inageukia wayo. Neno la Kifaransa linatokana na kitenzi cha zamani chenye maana ya kunywa kupita kiasi, kwa kuwa watu walidhani farasi aliyechoka akinywa maji mengi ndiye anayeugua. Neno limebaki, maelezo yamekufa. Mwaka 2007 watafiti wa Queensland, Australia, walionyesha kwamba poni wazima wakiwekewa insulini nyingi katika damu kwa muda mrefu huugua miguu hiyo hiyo ndani ya siku tatu. Basi chanzo kikubwa kwa poni ni sukari, tena sukari ya majani mabichi.

Katika tafsiri ya pili niliandika "kuachana kwa ukwato". Si istilahi nzuri sana, lakini mfanyakazi akiisoma anajua kinachotokea.

Dalili zinahitaji macho na vidole. Mgonjwa hupeleka miguu ya mbele mbele zaidi na kuegemea nyuma, akitua juu ya visigino. Kugeuka kunamuuma kuliko kwenda moja kwa moja. Ukwato huwa na joto, na nyuma ya kifundo, mahali Wafaransa wanapopaita "boulet", mshipa hupiga kwa nguvu, wakati kwa poni mzima ni vigumu hata kuusikia kwa kidole. (Tena mtego: "boulet" ni risasi ya mzinga pia. Safari hii niliuliza kwanza.) Aliyewahi kuugua hubaki na pete katika ukwato, pana kisiginoni kuliko mbele. Mguu mmoja tu ukiuma ghafla, mara nyingi ni jipu ndani ya ukwato, nalo hutibiwa kwa kulifungulia njia usaha utoke. Hapo ukurasa uliuliza kama chanjo ya pepopunda imetolewa. Lugha yetu imemweka punda ndani ya jina la ugonjwa huo, na kweli jamii ya farasi na punda huuawa nao kwa urahisi kuliko wanyama wengi wa kufugwa.

Chakula ndicho kinachogombanisha watu. Mgeni akimwona poni mnene kwenye majani mazuri hufikiri anatunzwa vizuri. Poni mzee mwenye historia ya ugonjwa huu hukatazwa majani hayo, hasa asubuhi za baridi zenye jua, wakati mmea unatengeneza sukari lakini haukui. Hupewa nyasi kavu, takriban kilo moja na nusu kwa kila kilo mia za uzito wake kwa siku, baada ya kulowekwa ili sukari itoke, na maji ya kulowekea humwagwa. Lakini asinyimwe chakula kabisa! Poni mnene akifunga ghafla, mafuta ya mwili humiminika katika damu na ini hushindwa. Anaweza kufa kwa njaa ya siku chache. Hapa neno moja la amri, "mfungishe", lingeua. Niliandika kiasi kwa kilo.

Kwa wazee kuna jambo jingine. Tezi pituitari, chini ya ubongo, huharibika, na baada ya miaka 15 hali hiyo ni ya kawaida kabisa. Manyoya hurefuka na hayapukutiki wakati wa joto, misuli ya mgongo hupungua, na miguu huugua bila sababu inayoonekana. Daktari wa mifugo hupima damu na kutoa pergolidi kila siku, mpaka mwisho wa maisha. Mzee anayo.

Kuhusu viungo, neno tulilonalo, baridi yabisi, lilinisumbua. Wafanyakazi waliposoma baridi yabisi walimfunika Mzee kwa blanketi na kumfungia zizini. Jina limewaambia baridi ndiyo adui. Lakini kinachoumia ni gegedu, ile sehemu laini inayotenganisha mifupa; imelika, na mfupa mpya huota pembeni, hasa chini ya kifundo na katika kiungo kikubwa cha mguu wa nyuma. Baridi huzidisha ukakamavu, haiuanzishi. Mnyama wa namna hiyo huanza asubuhi kwa hatua fupi, kisha hulegea anapotembea, na kusimama zizini usiku kucha humkaza zaidi. Anahitaji kutoka nje kila siku, penye ardhi tambarare, apunguziwe uzito. Isipokuwa, na hapa magonjwa mawili yanapingana, kwato zinapowaka: hapo hatembezwi, hulazwa juu ya tandiko nene la vumbi la mbao. Ndiyo maana ukurasa ulitaka mshipa ushikwe kwanza, kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango.

Fundi wa kwato kwa Kifaransa ni "maréchal-ferrant". Mtu wa umri wa baba yangu akisikia "maréchal" anamwona Mobutu, aliyepewa cheo hicho mwaka 1982. Lakini asili ya neno ni mtumishi wa farasi, cheo kikaja baadaye. Kwa poni mzee fundi hainui mguu juu kama kwa kijana. Huuweka chini, karibu na ardhi, kwa dakika chache, kisha humpumzisha, kwa kuwa uzito wote umehamia kwenye kiungo cha upande wa pili ambacho nacho kinauma. Daktari anaweza kuagiza dawa ya maumivu siku hiyo. Iliyozoeleka ni fenilbutazoni, inayoweza kudhuru tumbo na figo. Aliyepewa dawa hiyo katika Umoja wa Ulaya haruhusiwi kuchinjwa kwa chakula, na pasipoti yake huandikwa hivyo. Ubelgiji ni nchi ambako nyama ya farasi huliwa, kwa hiyo mstari huo sikuuacha.

Tafsiri ya tatu ndiyo iliyobandikwa ukutani. Nimeipunguza maneno mazuri na kuongeza mchoro wa wayo wenye mishale. Kabari ya Mzee imepona. Viungo vyake havitapona, na daktari amesema siku atakaposhindwa kunyanyuka baada ya kulala, ataitwa amlaze kwa sindano. Kwa ombi la mama mdogo niliongeza mstari wa mwisho wa kujazwa kila asubuhi: ameamka mwenyewe, au ameinuliwa? Juma hili lote wameandika: mwenyewe.