Kuwa nzito si kuungana

Wandugu, nilipomaliza lisansi ya agronomia nilikosa kazi, njo nikaanza kutengeneza losheni ya mafuta ya mbegu za ngazi hapa Uvira. Nilipika maji na amido ya muhogo, nikamwaga mafuta, ikakuwa nzito, nikafurahi. Siku ya tatu mafuta yalikuwa juu, maji chini. Mama jirani akanirudishia chupa.

Kosa langu ni hili: amido inafanya maji yakuwe mazito tu, haiyaunganishi na mafuta. Nta ya nyuki nayo inakaza mafuta tu. Kinachounganisha ni emilsifianti: iko na upande mmoja unaopenda maji, mwingine unaopenda mafuta. Sabuni inaunganisha, lakini inakausha ngozi. Afazali nta ya emilsifianti: gramu 6, maji gramu 70, mafuta gramu 24. Pasha maji na mafuta mpaka digri 70 hivi, changanya, koroga mpaka ipoe.

Ila penye maji vijidudu vinazaana, na amido ni chakula chao. Kama hauna dawa ya kuhifadhi, usiuze losheni. Uza pomadi bila maji: nta ya nyuki sehemu 1, mafuta sehemu 4. Mimi njo nilianzia hapo upya, na yule mama amerudi kununua.