Bandama Lisiloletwa na Mbu

Zamani ukali wa malaria kijijini ulipimwa kwa vidole. Watoto wa miaka 2 hadi 9 walipangwa mstari wakabonyezwa chini ya mbavu za kushoto, na wingi wa waliokutwa na bandama kubwa ukawaambia wataalamu ugonjwa umekithiri kiasi gani. Mradi wa Pare-Taveta wa miaka ya 1950, mpakani mwa Tanganyika na Kenya, uliitumia njia hiyo.

Si ajabu basi kwamba mzazi wa Mpanda akiambiwa mwanawe ana bandama, humlaumu mbu kwanza. Mara nyingi hakosei. Asipokuwa mbu, kuna selimundu, na kwa watu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika kuna kichocho cha tumbo.

Wapo watoto wachache mno ambao shida yao ilianzia tumboni mwa mama. Mwaka 1900 madaktari wawili wa Ufaransa, Maurice Klippel na Paul Trenaunay, walieleza ugonjwa unaoitwa kwa majina yao: baka la kuzaliwa, vena zilizotuna, na mguu mmoja mnene au mrefu kuliko mwenzake. Kwenye ngozi nyeusi ni rahisi baka hilo lisionekane, maana wekundu wake hufifia. Chanzo kwa kawaida ni badiliko la jeni ya PIK3CA linalotokea baada ya mimba kutungwa, tena katika baadhi tu ya seli. Ndiyo sababu mguu mmoja huumia na wa pili ukasalimika. Wala hakuna mzazi aliyerithisha, sembuse laana ya ukoo.

Mishipa hiyo iliyoumbika vibaya, ya damu au ya limfu, huweza kuwamo hata ndani ya bandama. Malaria hulikuza bandama zima. Hapa altrasaundi huonyesha vifuko vingi vilivyopakana, kama sega la asali. Wengi hawaumwi kitu. Lakini damu ikituama katika mishipa hiyo huganda na kumaliza viganzishi vyake, hivyo chale za mbavuni au sindano ya kunyofoa kipande cha bandama vinaweza kuleta damu isiyokatika. Kumvua mtoto suruali na kumtazama miguu ni kipimo cha bure, nacho husahauliwa kirahisi tumbo likishavuta macho yote.

Anayeshukiwa hupelekwa kwenye vipimo vikubwa zaidi, kwa mfano Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Mara nyingi tiba ni kufuatilia tu. Sirolimasi, dawa iliyozoeleka kwa waliopandikizwa figo, hupunguza baadhi ya vifuko vya limfu, na mwaka 2022 Marekani iliidhinisha alpelisibu kwa magonjwa makali ya jeni ya PIK3CA.

Kulitoa bandama ni hatua ya mwisho, hasa katika nchi ya malaria, kwa kuwa ndilo linalochuja vimelea na bakteria wa nimonia. Ikibidi, chanjo hutangulia upasuaji kwa angalau wiki 2, na homa yoyote baadaye ni ya kukimbiziwa hospitali usiku huo huo.